Jibu: Sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu inapotea nikifungua CSV kwa Excel

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, umepakua orodha ya wanachama wa kikundi kama CSV (faili la maandishi matupu, kolamu zimetenganishwa kwa koma), ukiifungua kwa Excel 0712 inakuwa 712, na zinazoanza na 255 zinageuka kitu kama 2.56E+11.

Kwanza usisevu chochote. Lifungue faili kwa Notepad uangalie. Ukiona sifuri ipo, data yako ni nzima, ila Excel imedhani simu ni hesabu. Ukisevu juu yake hapo ndipo sifuri zinakwenda kweli, itabidi upakue upya.

Sasa acha kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili, halafu Transform Data. Bofya kichwa cha kolamu ya simu, aina iwe Text. Itakuuliza: chagua Replace current. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukichagua ile nyingine, namba inageuzwa maandishi wakati sifuri imeshakatwa hatua ya nyuma. Malizia na Close & Load.

Kama kuna kolamu ya namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), ifanyie hivyohivyo. Zina tarakimu 20, Excel hushika 15 tu, zinazobaki inazifanya sifuri, na hakuna fomati itakayozirudisha.

Mimi kazi hii napenda kuifanyia kwenye LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Excel): dirisha la kuingiza linakuja lenyewe, unabofya kolamu, Column type unaweka Text, basi.