Mfuko wa kilo 50 uache huko huko kwa mwenye nao

Morogoro, Februari 2024

Mwanangu mpendwa,

Waalaykum salaam, na marahaba. Sisi huku wazima. Ujumbe wako nimeusoma: sukari hapo Tabata imefika shilingi 4,500 kwa kilo, Mangi mwenye duka la jirani hakuuzii zaidi ya nusu kilo, mwenzako wa nyumba ya pili kashusha mfuko mzima kwenye bajaji, na kuna mtu wa jumla anataka 210,000 akupe mfuko wa kilo 50. Unauliza uuchukue kabla Ramadhani haijaingia, au usubiri.

Usiuchukue. Najua jibu hilo tupu halitakutosha, kwa hiyo tupige hesabu.

Nyumbani kwako mko watano pamoja na dada wa kazi. Chai mara mbili kwa siku, kila kikombe vijiko viwili vya gramu tano tano, ni gramu 100 kwa siku, kilo tatu kwa mwezi. Ongeza uji wa watoto na juisi, iwe kilo nne. Mfuko wa kilo 50 kwenu ni sukari ya mwaka na ushee. Kwa 210,000 kila kilo imekugharimu 4,200. Bei elekezi ya rejareja iliyotangazwa na serikali Januari ni kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea kanda. Kwa sasa wanaoifuata ni wa kutafuta kwa tochi, lakini sukari ya nje imesharuhusiwa. Ikiingia, bei ikatulia kwenye 3,000, mfuko ule ule ni 150,000. Hiyo 60,000 ya katikati inajaza mtungi wako mdogo wa gesi mara mbili.

Halafu uukague. Msimu kama huu mifuko mingi inafunguliwa na kushonwa upya. Uzi wa kiwandani unapita mstari mmoja ulionyooka na tundu za mshono ni zile zile. Ulioshonwa kwa mkono unaacha tundu za zamani pembeni. Kama huna mizani, usikubali neno la mtu kwamba ni kilo 50. Na chembe zikiwa ndogo sana na nyeupe kupita kawaida, huenda ni sukari ya viwandani, ile inayoingizwa kwa ushuru nafuu kwa ajili ya soda na biskuti. Ya mezani haitakiwi kuwa hiyo.

Upungufu wenyewe upo, si uzushi wa kwenye magrupu. Muwa ukishakatwa unatakiwa usagwe ndani ya siku moja au mbili, la sivyo utamu unapotea. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka jana zimelowesha mashamba, matrekta yananasa, na muwa ulioshiba maji una sukari kidogo. Kilombero, Mtibwa, Kagera, TPC kule Moshi, viwanda hivi vilitakiwa kuwa vinajaza maghala miezi hii, maana masika yakiingia huwa vinasimama kwa matengenezo. Akiba ya kuvukia masika ndiyo iliyopungua.

Lakini rafu tupu ya Mangi ina sababu nyingine juu ya hiyo, na watu wengi hawaioni. Chukua duka lenye kaya 60 zinazolitegemea, kila moja kilo tatu kwa mwezi. Hizo ni kilo 180, yaani karibu mfuko mmoja kwa wiki, na ndio anaouagiza. Sasa kaya kumi zikisikia sukari inaisha, kila moja ikabeba kilo tano siku ya Jumatatu, mfuko wa wiki nzima umekwisha kabla ya adhuhuri. Kaya 50 zinakuta hakuna. Wanaokuta hakuna wanapiga simu kwa ndugu zao, na duka la mtaa wa pili linakumbwa na hilo hilo jioni. Hapo nchi haijapungukiwa hata kijiko zaidi ya jana. Sukari imehama tu kutoka dukani kwenda kwenye ndoo za watu kumi. Mangi anayekuuzia nusu nusu usimkasirikie. Anafanya jambo la maana kuliko yule wa jumla anayekupa mfuko mzima.

Bei elekezi nayo ina kichwa chake. Kama muuza duka anauziwa 3,800 kwa bei ya jumla na sheria inamtaka auze 3,000, ana njia tatu: auze kwa hasara, auze kwa bei ya soko na kuombea asikaguliwe, au aseme "hakuna" kisha awauzie anaowajua kwa mlango wa nyuma. Wengi wanachagua ya tatu. Ndiyo maana unaambiwa ununue na majani ya chai na sabuni ndipo upimiwe robo ya sukari. Faida iliyokatazwa kwenye sukari inatafutwa kwenye majani. Mwaka 2016 tuliyaona hayo hayo: vibali vya kuagiza vilisimamishwa Februari, bei ikapangwa 1,800, na miezi michache baadaye maghala yanapekuliwa huku kilo haipatikani kwa bei hiyo. Na wazee wenzangu wanakumbuka 1983, msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu wakitupa sabuni na khanga usiku wasikutwe nazo. Msako ule ulitisha kweli, ila bidhaa zilirudi madukani baada ya bajeti ya 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza. Mimi siamini kwamba upungufu unatibiwa na polisi. Unatibiwa na lori.

Sasa la kufanya. Wiki hii tafuta kilo tatu, hata kwa bei hiyo mbaya, kwa mafungu kama Mangi anavyotaka. Ramadhani inaingia kwenye tarehe 11 au 12 Machi, ikithibitika kwa mwezi. Kwa futari ongeza kilo mbili, ukizipata kabla ya wiki ya mwisho ya kuelekea mfungo, maana wiki ile kila mtu atakuwa sokoni. Uji wa futari utie tende zilizosagwa au ndizi mbivu, tambi punguza sukari na uongeze nazi na iliki. Kaimati ndizo zinazokula sukari kuliko vyote kwa sababu ya shira. Zipike Ijumaa tu. Sukari yenyewe iweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, mbali na sabuni ya unga, kwani inanyonya harufu. Unyevu wa Dar ukiingia itaganda mabonge. Haijaharibika, iponde uitumie kwenye chai.

Akiba unayoitaka iweke bei ikishatulia. Kipimo changu ni mwezi mmoja mbele kwa vitu vikavu, na ununuzi uende hivi: ukifungua mfuko wa akiba, ndio siku unayoandika kununua mwingine. Kipya kinakaa nyuma, cha zamani kinatolewa mbele. Ukisikia uvumi, unakula akiba yako na hugusi foleni.

Unga ndio unaowaharibia watu. Dona lina kiini cha hindi ndani yake, na kiini kina mafuta; kwa joto la Dar likipita mwezi linaanza uchungu na harufu nzito, hata kama halijaingia mdudu. Nunua la wiki mbili tu. Sembe limekobolewa, linavumilia miezi miwili mitatu likiwa kwenye chombo kikavu. Mtu anayetaka kuweka mengi aweke mahindi, asage kidogo kidogo. Lakini yawe makavu kweli. Chukua chupa kavu, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yataota ukungu. Ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Yatie kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Kamua hewa, sokota mdomo wa mfuko wa ndani, ukunje, ufunge kwa kamba, kisha wa pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Fukusi waliomo wanamaliza hewa iliyobaki na kufa. Wanaolalamika kwamba mifuko hii haifanyi kazi, mara nyingi wameifungua kila wiki kuchota kibaba, hewa ikarudi, au panya ametoboa nailoni kwa sababu mfuko ulikaa chini ukigusa ukuta. Uweke juu ya mbao, na cha kuchota kila siku kikae kwenye ndoo. Maharage yanakwenda hivyo hivyo, ila yakipita mwaka yanakuwa magumu, na utachoma gesi nyingi kuyaivisha. Mchele ukiingia fukusi, upepete kwa ungo kivulini. Jua kali linaukatakata.

Vidonge vya kufukizia nafaka usivilete kabisa kwenye nyumba mnayolala. Vikikutana na unyevu vinatoa hewa inayoua mtu usingizini, na harufu yake si lazima uisikie mapema.

Mafuta ya kula nunua dumu la lita tano, si ndoo ya 20, kwani kila unapoifungua mafuta yanapata hewa na mwanga na kuanza kuchacha. Yaweke kabatini. Haya nayo yana foleni yake: mwaka 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nje kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, bei ikapanda hadi huku. Alizeti ya Singida na Dodoma inavunwa katikati ya mwaka, hapo ndipo pa kununulia.

Gesi, kuwa na mitungi miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa: mmoja ukiisha unawasha wa pili na kuupeleka ule ukajazwe. Kwenye mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime kwa mizani, toa namba hiyo, kinachobaki ni gesi uliyonayo. Fanya hivyo pia dukani kabla hujalipa. Ukinunua wa kilo sita ukakuta nne na nusu, mrudishie.

Miche ya sabuni unaweza kuweka hata ya miezi sita. Ikate vipande uiache ikauke, itakaa zaidi kwenye maji. Taulo za kike na dawa ya presha ya mkwe wangu ziwe za mwezi mbele daima. Maziwa ya kopo ya mtoto usiyalimbikize: yana tarehe, na mtoto anabadili hatua.

Mchele wa Ifakara nitakupakilia kilo 20 kwenye basi la Alhamisi. Kondakta akikupigia, nenda na ndoo mbili zenye mifuniko, kiroba chenyewe kina tundu.

Nisalimie wajukuu na baba yao.

Mama yako