Ukipewa shamba ulifanye hifadhi, usikimbilie kupanda miti

Anayetoa shamba lake liwe hifadhi hutamani kuuona msitu kabla hajafumba macho. Kamati nayo inataka picha za watoto wameshika miche. Shinikizo hilo nimelionja, kwa kuwa kutunza ardhi ya namna hii ndiyo kazi yangu. Nawashauri hivi: mwaka wa kwanza wekeni majembe chini, mtembee.

Anzeni na kingo. Katikati ya shamba plau imepita miaka nenda rudi. Mimea ya asili iliyosalimika iko mpakani, kando ya mfereji na chini ya uzio. Ndege wakitua kwenye nguzo hudondosha mbegu za matunda waliyokula. Piga magoti hapo utaviona vichipukizi vimefuatana na waya. Hiyo ni miche ya bure! Sisi tulisimika magogo marefu makavu katikati ya shamba ili ndege wapate pa kutua, na mbegu zikaanza kufika huko pia.

Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, mwaka 1882 kiliacha kipande cha ngano bila kuvunwa. Miaka michache tu magugu yakaimeza ngano, na leo pale ni msitu. Sehemu ya kipande hicho miche ya miti huwa inang'olewa, na hapo hakuna msitu, ni majani tu. Kwa hiyo amueni mapema mnataka msitu au uwanda wa nyasi, maana ardhi haitawasubiri.

Kuna mashamba yanayohitaji msaada, nakubali. Fosforasi ya mbolea hukaa udongoni muda mrefu na kuyanenepesha magugu, na plau huacha tabaka gumu chini. Chimba shimo, ukiona mizizi imefika mahali ikapinda kwenda pembeni, tabaka ndilo hilo. Mimea vamizi msiipe hata msimu mmoja, ing'oeni kabla haijatoa mbegu.

Kuhusu elimu kwa wanafunzi watakaotembelea hifadhi, acheni kipande kidogo kiendelee kulimwa. Watoto wachukue bonge kavu la udongo wa shambani na jingine la mpakani, wayatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. La shambani mara nyingi humomonyoka upesi na maji yakawa tope. La mpakani, lililoshikwa na mizizi, hustahimili. Kelele zinazopigwa hapo hakuna bango linaloweza kuzileta (na mabango, kwa maoni yangu, ni mengi mno kwenye vituo hivi).

Karatasi nazo zishughulikieni mtoaji akiwa hai, mwanasheria akiwepo na warithi wakisikia. Hati itaje yanayoruhusiwa, yaliyokatazwa, na ardhi itakwenda kwa nani taasisi yenu ikivunjika. Mwombeni pia, bila haya, atenge fedha za matunzo: mlinzi, ua, vyoo vya wanafunzi.