Kuhusu "I am very interesting in this job"

Mdau kauliza kwa nini rafiki yake alimcheka baada ya kusoma barua yake ya kuomba kazi hotelini. Sentensi yenyewe: "I am very interesting in this job and I am looking forward to meet you."

Pole mkuu, ila hauko peke yako. Mimi niliandika karibu hivyo hivyo nilipoomba kazi ya kuongoza watalii Arusha. Kwenye usaili yule mzungu akaanza na: "So, how interesting are you?" Nikajibu kwa kujiamini, "Very!" Wakacheka wote, nami nikacheka nao bila kujua kinachochekesha. Kazi nikakosa.

Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba tofauti hiyo tunayo kwenye Kiswahili chetu: kuvutia na kuvutiwa, kuchosha na kuchoshwa. Interesting ni kile kinachovutia, interested ni wewe uliyevutiwa. Unapojisemea mwenyewe, ukisikia ile "w" ndani ya kitenzi cha Kiswahili, Kiingereza kinataka -ed. Ndiyo maana ukisema "I am boring" hujasema kwamba kukaa bure kumekuchosha. Umesema ukianza kuongea watu wanasinzia. Na baada ya interested weka "in". Ile "na" ya "navutiwa na" ndiyo inatuponza tukaandika "with".

Sasa "looking forward to meet". Hapa tunaponzwa na "to", tunaisoma kama "ku" ya kukutana. Siyo. Mimi huipima hivi: naweka jina mbele yake, mfano "your reply" au "Friday". Jina likikaa vizuri, basi kitenzi kikija mahali hapo lazima kivae -ing: looking forward to meeting you. Kwenye barua ya kazi andika "I look forward to", inasikika rasmi zaidi. Ile ya "I'm looking forward to" waachie mnaozoeana.

"Excited" sitaki kuizungumzia sana, sema "excited about the job" inatosha, na usiirudie kila mstari kama muuza sabuni.

Lingine hukuuliza lakini litakukuta hotelini. Mgeni Mwingereza akionja chakula akasema "quite nice", usikimbilie jikoni kumpongeza mpishi. Mara nyingi anamaanisha si kibaya, basi. Mmarekani akisema hivyo hivyo, huenda kweli kimempendeza. Mimi nilishawahi kumpelekea bosi habari njema ya "quite good" ya mgeni. Kesho yake mgeni akahama.

Barua yako irekebishe iwe: "I am very interested in this job and I look forward to meeting you." Kabla hujaituma, angalia na jina la hoteli, nimeona umeliandika kwa namna mbili tofauti.