Filamu ya Market Street Haitazamwi Mara Moja

Filamu ya Market Street, barabara kuu ya San Francisco, iliyopigwa mwaka 1906, niliitazama vibaya mara ya kwanza. Nilichagua nakala iliyotiwa rangi kwa kompyuta na kuongezewa honi na vishindo vya kwato, nikaamini kabisa kwamba gauni la mama mmoja aliyekuwa akivuka lilikuwa la buluu. Filamu yenyewe ni bubu na haina rangi. Ile buluu ilibuniwa. Tafuta basi nakala isiyopambwa, uzime muziki, uitazame yote, kwani ni dakika 13 hivi tu. Watu wakionekana wanachakarika kupita kiasi, punguza kasi, maana kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono.

Ndugu wa kampuni ya Miles Brothers walifunga kamera mbele ya tramu ya kuvutwa kwa kebo, ikaenda polepole kuelekea jengo la Ferry, yaani kituo cha vivuko, lenye mnara wa saa. Jicho hupenda kung'ang'ania mnara huo. Lirudishe pembeni, wanakokatiza watu mbele ya farasi bila hata kugeuza shingo, na vijana wanaoning'inia nyuma ya magari wakiikodolea macho kamera.

Katika kuirudia, fuatilia magari. Mimi niliyaandika kwenye daftari moja moja, nikagundua kwamba gari lilelile hupita, likazunguka nyuma ya tramu, kisha likatokea tena, bila shaka ili mji uonekane umejaa magari kuliko ulivyokuwa. (Nami nilikuwa nimeshawasimulia watu jinsi mji ule ulivyojaa magari!)

Halafu tazama chini, kwenye madimbwi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa filamu hiyo ni ya 1905, mpaka mwanahistoria David Kiehn alipolinganisha maji hayo na taarifa za mvua, na namba za magari na kumbukumbu za usajili, akaona kwamba ilipigwa Aprili 1906, siku chache kabla ya tetemeko la tarehe 18 na moto uliolifuata. Studio ya ndugu wale iliteketea. Filamu ilisalimika kwa sababu ilikuwa imeshapakiwa kwenye treni ya kwenda New York. Siku hizi nikiitazama, husimamisha picha kwenye maji yale yaliyotuama kando ya reli, kabla gurudumu la mkokoteni halijayapitia.