Usishike ruta kabla hujauliza

Wiki yangu ya tatu kazini nilitumwa Mbagala kwa mama mmoja aliyelalamika kwamba intaneti ya nyumbani inakatikakatika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu ukae. Sikukaa. Nilitoa kipini cha laini mfukoni, nikakichomeka kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, nikabonyeza sekunde kumi. Nilidhani ni namna ya kuzima na kuwasha ya kitaalamu zaidi. Taa zikazimika, zikarudi, na mtandao uliokuwa unakatikakatika sasa ukawa haupo kabisa. Nilikuwa nimefuta jina na nywila ambazo ruta ile ilizitumia kujitambulisha kwa kampuni, na mtu pekee ofisini mwenye kuzijua alikuwa ametoka kula. Nilikunywa chai ya yule mama vikombe vitatu nikimsubiri.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kitundu kile ni marufuku mpaka muwe na taarifa za mteja mkononi. Ukitaka kuzima, chomoa kwenye umeme, subiri kama nusu dakika, rudisha.

Lakini hata huko tusikimbilie. Ruta ya yule mama haikuwa na kosa. Nilipopata akili ya kuuliza kama kuna kitu kimehamishwa humo ndani karibuni, akaniambia kabati la watoto, Jumamosi. Uzi wa fiba ulipita nyuma yake. Mtoto akifungua mlango wa kabati kuchukua daftari, kabati linasogea na uzi unakunjika, akifunga, unanyooka. Fiba ni kioo chembamba kinachopitisha mwanga, na ukiikunja sana mwanga unavujia kwenye kona. Haihitaji kukatika ili ikusumbue.

Ndiyo maana mkiingia nyumbani kwa mtu, macho yaanze kwenye taa za kile kiboksi cha fiba. Taa ya PON ikiwa kijani imetulia, mwanga unafika na kifaa kinaelewana na upande wa pili. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki au umefifia mno, na hapo kubadilisha nywila ya waifai ni kumpaka mgonjwa wa tumbo dawa ya kichwa. Pima mwanga. Ukisoma -19 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) uko vizuri. Ukikaribia -27, kifaa kiko ukingoni, leo kinashika kesho kinaachia. Angalia na vichwa vya uzi: cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha buluu kimenyooka, na ukivikutanisha vinaingia kama kawaida ila mwanga mwingi unapotea hapo hapo. Nimekuta kazi ya fundi mwenzetu namna hiyo, imefungwa vizuri kwa gundi kabisa.

Taa zikiwa safi, tatizo liko ndani ya nyumba au mbali sana. Angalia namba ambayo simu au kompyuta imepewa. Ikianza na 169.254, kifaa kimejipa namba chenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Namba ikiwa sawa, tumia amri ya ping, ile inayouliza kifaa kingine kama kinakusikia, kwenda kwenye ruta, kisha kwenda 8.8.8.8, namba ya seva ya Google huko nje kwenye intaneti. Hiyo ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, basi kinachosumbua ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Weka nyingine, umemaliza, na mteja ataona umefanya uchawi.

Kwa simu, swali la kwanza linaudhi lakini uliza: bando lipo? Uliza kwa upole, maana wengine ni watu wazima. Kisha ujue vile vijiti vya mtandao vinaonyesha nini. Vinapima mawasiliano kati ya simu na mnara tu. Nendeni Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga: vijiti vimejaa, picha moja haiendi, kwa sababu umati mzima unagombea mnara uleule. Na umeme wa mtaa ukikatika kwa muda mrefu, betri za mnara zinaweza kuisha, mtaa mzima ukabaki bila mtandao. Kama kupiga kunawezekana na data haiendi, jaribu kuwasha hali ya ndege na kuizima, halafu hamishia laini kwenye simu nyingine. Ikifanya kazi huko, laini haina kosa. Tafuta APN, mpangilio unaoiambia simu ipitie wapi kufika kwenye intaneti, kwenye ile simu ya kwanza. Tazama na tarehe pia. Simu iliyoamka na tarehe ya miaka iliyopita inakataa kufungua tovuti nyingi, kwa kuwa haiwezi kuhakiki vyeti vyao vya usalama.

Swali ambalo lingeniokoa mara nyingi zaidi ni hili: nani mwingine hana? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazotuunganisha na intaneti ya nje, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Simu zikamiminika. Kijana mmoja wa timu yetu alibadilisha ruta mbili siku ile, na zote mbili alizotoa zilikuwa nzima. Ukipima ungeona ruta inajibu, mitambo ya kampuni inajibu, baadhi ya tovuti zilizo humu humu nchini zinafunguka, na za nje zinasuasua au hazifunguki. Jirani anayetumia kampuni nyingine naye analia. Ukiona hivyo, rudisha bisibisi kwenye mkoba, mweleze mteja ukweli, na usimwahidi saa, kwa sababu meli ya kuunga waya chini ya bahari haitoki Kigamboni.

Na kwenye ripoti, tafadhali, msiandike “mtandao mbovu”. Andika taa ipi, rangi gani, saa ngapi, namba gani ilijibu na ipi haikujibu. Fundi wa zamu ya usiku ataisoma akiwa juu ya ngazi, tochi mdomoni.