Boti ya tanga ya zamani: anzia waya zinapofungwa

Wadau wa ziwa, ukienda kuangalia boti ya tanga iliyotumika hapa Mwanza lazima uambiwe "haya ni maji baridi bwana, hakuna chumvi, waya za mlingoti bado nzima kabisa". Hizo ndo waya zinazoushika mlingoti usimame. Nusu ni kweli. Muulize muuzaji boti ilikaa wapi kabla ya kuja huku, manake kama ililetwa na lori kutoka Dar au Mombasa basi chumvi ilikuja nayo, imejificha kwenye vile vichwa vya chuma waya zinapobanwa, na mule ndani hewa haifiki kwa hiyo stenlesi inaliwa polepole huku nje inang'aa tu. Halafu hata bila chumvi waya inachoka. Mafundi wengi wanashauri kubadilisha kila miaka 10 hadi 15.

Mimi kabla ya injini, kabla ya rangi, naenda chini kabisa pale waya zinapofungwa kwenye boti. Maji ya mvua yanateremka na waya yanakaa kwenye kichwa cha chini, ndo maana ubovu unapenda kuanzia hapo. Chukua pamba uipitishe taratibu (usitumie kidole, uzi wa waya uliokatika unachana vibaya sana), ikinasa hata sehemu moja waya hiyo imekwisha. Vichwa navyo vifute vizuri utafute nyufa, ni nyembamba kama unywele.

Kuna jamaa nilimsindikiza kuangalia boti pale Capri Point, imepigwa polishi inapendeza, pamba ikanasa kwenye waya wa mbele. Huo ukikatika mlingoti unaangukia nyuma kwa watu, sasa fikiria dhoruba ya usiku ikukute hivyo katikati ya njia ya Ukerewe. Nikamwambia aombe bei ya boti ipunguzwe kwa gharama ya kubadilisha waya zote, sio huo mmoja, zimezeeka pamoja hizo.

Usisahau vile vyuma vinavyopenya deki kushikilia waya. Ingia ndani na tochi, ukiona michirizi ya kutu au mbao inabonyea kwa bisibisi ujue maji yanaingia siku nyingi.

Mlingoti omba ushushwe. Wa alumini angalia kuzunguka skrubu za stenlesi, rangi ikiwa imevimba na kuna unga mweupe chini yake, alumini inaliwa. Wa mbao gonga gonga, hasa kwenye kitako, ukisikia sauti butu isiyolia kuna uozo. Kamba jua linazimaliza, zikikakamaa badilisha, sio gharama ya kukukosesha usingizi.

Mwisho ijaribu kwa tanga ziwani mchana upepo ukishaamka. Waya za upande usio na upepo kulegea kidogo ni kawaida. Ila kama zimekazwa mpaka skrubu ya kukazia waya imefika mwisho na bado zinacheza, huenda kitako cha mlingoti kinadidimia, na hiyo boti mi sinunui hata wakipunguza nusu bei.