Mbegu zinaliwa usiku, ni panya buku au bata mwitu?

Swali: Bwana shamba, nimesia mpunga bonde la Cheju huku Unguja, jaruba lina maji kidogo, kila nikiamka mbegu zimepungua. Mie nawashuku bata mwitu, jirani ananambia ndege hali usiku, huyo ni buku tu. Dawa ya kuwaua nshanunua, kichupa hakina lebo, nichanganye na mchele kiasi gani?

Jibu: Usitie hata punje moja yakhe.

Hilo la ndege hali usiku kila msimu nalisikia na limeshanichosha. Bata huyu mwenye uso mweupe, yule anaepita juu akipiga miruzi, mchana mara nyingi utamkuta kasimama tu ukingoni kajipumzikia, kula kwake hasa ni usiku, wanatua kundi zima kwenye maji ya kina kifupi wanachuja tope wanatafuta punje. Na buku nae wa usiku, kwa hiyo saa haikwambii kitu, tazama chini. Nenda alfajiri kabla watu hawajapita, ukiona nyayo za vidole vitatu vyenye utando, tope limevurugwa na manyoya yamebaki tutani, basi ni bata. Buku shimo lake liko pakavu, ana njia yake moja anayoipita kila siku, anajaza mashavu anarudi kuweka akiba ndani, huyo mtafute kwenye muhogo na njugu. Kwa jaruba lenye maji kama lako mie namshuku bata. Toa maji mpaka mbegu ishike, au otesha kitalu karibu na nyumba uje kupandikiza.

Sasa hiyo dawa. Kichupa hakina lebo, muuzaji leo anakwambia ya panya kesho ya wadudu wa mboga, mnanunua tu! Dawa nyingi za panya zinazuia damu kuganda, mnyama hafi mpaka zipite siku kadhaa, bata keshahamia bonde jengine na sumu mwilini. Za wadudu nyengine zinaua hapohapo, na hizo ndo mbaya zaidi, maana wapo wanaowaokota wale bata, wanawachinja haraka na kuwauza, na kupika usitegemee kama kutaitoa sumu. Maji nayo yanateremka jaruba la mwenzio, kuku wake na ng'ombe wake wanakunywa humo. Mtu akikupitishia bata mwitu mlangoni muulize kawapata vipi, akianza kubabaika mwambie aende nao.